Uvimbe wa pafu wenye tishu mchanganyiko: kati ya hao waliochanganyika, nani hasa ndiye saratani? (Uzi mrefu)

MzeeWaSlaidi

Wakuu, salamu kwenu. Leo nashusha uzi kuhusu kitu ambacho hata wataalamu wa patholojia hukutana nacho kwa nadra: uvimbe wa pafu ambao ukiuweka chini ya hadubini unakuta tishu za aina mbili, tatu, hata nne ziko pamoja. Huku matezi, pembeni gegedu, mbele kidogo seli za msuli, na mara nyingine mfupa kabisa. Mfupa ndani ya pafu! Anayeuona kwa mara ya kwanza huangalia tena lebo ya slaidi kujiridhisha kwamba hajapewa ya mgonjwa mwingine.

Nitaandika kwa vipande. Maswali ruksa, ubishi wa hoja ruksa.

Tuanze na pafu lenyewe, maana bila hapo mengine yote yataonekana miujiza. Pafu la kijusi hujengwa na tabaka mbili. Kuna chipukizi linalotoka kwenye mrija wa chakula wa awali; hilo ndilo litakalotandika kuta za njia za hewa na kutengeneza tezi zake. Tishu hiyo ya kutandika kuta inaitwa epithelia. Limezungukwa na tishu laini changa iitwayo mesenkima, ambayo baadaye inazaa gegedu za koromeo na mirija ya hewa, misuli laini, mishipa ya damu na tishu unganishi. Tabaka hizi mbili haziachani. Mesenkima inatoa protini ya FGF10 inayoliamuru chipukizi lirefuke na kugawanyika matawi, na chipukizi nalo linajibu kwa protini ya SHH. Bila mawasiliano hayo hakuna pafu.

Sasa majina. Saratani ikitokana na epithelia inaitwa kasinoma. Ikitokana na jamii ya mesenkima inaitwa sakoma. Karibu saratani zote za mapafu mnazozisikia ni kasinoma. Zile zenye sura zote mbili ndizo mada yetu.

Swali ambalo nataka mlishike ni hili: ukikuta mchanganyiko, usikimbilie kuhesabu tishu ziko ngapi. Uliza ni tishu ipi imegeuka uvimbe, na ipi imenaswa tu humo ndani ikiwa nzima. Jibu la swali hilo ndilo linalotofautisha uvimbe wa kukatwa na kusahau na uvimbe unaoua ndani ya miezi.

TabibuMdogo

Nimeweka kambi hapa. Mkuu, hamatoma nayo iko kwenye kundi hili? Maana darasani tunaambiwa ina kila kitu ndani.

MzeeWaSlaidi

Iko, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Hamatoma ndiyo uvimbe usio saratani unaoonekana zaidi kwenye pafu. Gegedu kwa wingi, mafuta, misuli laini kidogo, na katikati nyufa zilizotandikwa seli za njia ya hewa zenye vinyweleo. Kwenye picha za mionzi wengine huonyesha chokaa iliyochanua kama bisi, na mafuta yakionekana pia kwenye CT, daktari wa mionzi analala usingizi.

Kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa ni hitilafu ya maumbile tu, tishu za kawaida zilizopangwa ovyo. Kumbe ni uvimbe halisi. Nyingi zina kromosomu ya 12 iliyokatika na kuungwa vibaya mahali ilipo jeni ya HMGA2, na hitilafu hiyo iko kwenye seli za upande wa mesenkima. Zile seli za njia ya hewa ndani ya nyufa? Ni seli nzima zilizozingirwa uvimbe ulipokuwa unakua. Ndiyo maana katika uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 2021, hamatoma imewekwa kwenye uvimbe wa mesenkima japokuwa epithelia unaiona kwa macho.

Umeona lile swali linavyofanya kazi? Tishu nne, mwenye kosa upande mmoja, na hata huyo hana ukatili.

Mwanakijiji2

Endelea mkuu. Hii ya bisi nimeipenda.

MzeeWaSlaidi

Tuhamie kwa watoto, na hapa mambo yanakuwa mazito.

Kuna uvimbe unaitwa blastoma ya pafu na utando wake, kwa kitaalamu pluropalmonari blastoma. Jina hilo limekuwepo tangu 1988. Ni wa watoto wadogo, wengi mno chini ya miaka sita. Una hatua zake. Aina ya kwanza ni mifuko ya hewa mitupu yenye kuta nyembamba. Aina ya pili ni mifuko pamoja na vinundu vigumu. Aina ya tatu ni nyama tupu. Na umri unafuata ngazi hizo hizo: aina ya kwanza hupatikana kwa watoto wachanga, ya tatu kwa wa miaka mitatu au minne, kwa sababu ya kwanza ikiachwa inaweza kugeuka kuwa ya pili na ya tatu.

Aina ya kwanza ndiyo inayonifanya nisichoke kuirudia. Kwa macho ni uvimbe wa maji au hewa ambao mtoto anaweza kuzaliwa nao bila ubaya wowote. Ukuta wake umetandikwa seli za kawaida kabisa, bapa au za mchemraba. Anayepitisha jicho haraka anaandika "mfuko wa kuzaliwa nao" na kufunga faili. Lakini shuka chini ya hizo seli. Kuna mahali, pengine ni pa upana wa nywele tu, ambapo seli ndogo za mviringo zenye kiini cheusi zimebanana chini ya utando. Wakati mwingine zina seli changa za msuli wenye milia, zenye saitoplazimu (sehemu ya seli inayozunguka kiini) nyekundu. Wakati mwingine kuna kisiwa kidogo cha gegedu changa. Hizo ndizo uvimbe. Epithelia ya juu yake haina saratani, ni pazia.

Kwa hiyo mifuko ya namna hii huchakatwa yote, haichukuliwi sampuli mbili tatu. Kwa vile seli mbaya ziko kwenye sehemu ndogo ya ukuta, kipande ulichokiacha kwenye chupa ndicho kinaweza kuwa na jibu.

Aina ya pili na ya tatu hazijifichi. Unakuta seli changa zilizojaa, sakoma ya msuli, sakoma ya gegedu, na seli kubwa zenye viini vya kutisha. Hupenda kwenda kwenye ubongo.

TabibuMdogo

Hii ndiyo ya DICER1?

MzeeWaSlaidi

Ndiyo hiyo. Uhusiano ulitangazwa 2009. DICER1 ni jeni ya kimeng'enya kinachokatakata RNA ndefu kuwa vipande vidogo vinavyodhibiti jeni nyingine. Mtoto anaweza kurithi nakala moja mbovu, halafu nakala ya pili inaharibika ndani ya seli ya pafu, mara nyingi kwenye sehemu maalumu ya kile kimeng'enya ambako ukataji wenyewe hufanyika. Baada ya hapo seli za mesenkima zinagoma kukomaa.

Wengi wa watoto hawa wana hitilafu hiyo ya kurithi, kwa hiyo ripoti ya patholojia haimhusu mtoto mmoja tu. Jeni hiyo hiyo huleta uvimbe wa maji kwenye figo, vinundu vya tezi ya shingo, na uvimbe fulani wa ovari kwa wasichana. Ndugu zake na wazazi wanatakiwa kuelekezwa kwa washauri wa vinasaba. Ripoti inayosema tu "blastoma" bila kuligusa hilo, kwangu mimi ni nusu ripoti.

MbishiWaKudumu

Mzee, mimi nitakuwa mkweli. Haya majina ni kuwachosha watu. Juu umesema blastoma ya mtoto. Mtandaoni nimekuta blastoma ya pafu ya mtu mzima. Ni ile ile au mnabadilisha majina kila mkiamka?

MzeeWaSlaidi

Swali zuri kutoka kwa mtu mwenye nia mbaya 😄

Si ile ile, na huo mkanganyiko wa majina umesumbua kwa miongo. Ya mtu mzima ilielezwa kwanza 1945 na Barrett na Barnard. Mwaka 1961 Spencer akaipa jina la blastoma ya pafu akiifananisha na uvimbe wa figo wa watoto. Kwa sababu ya jina hilo, kesi za watoto nazo zikatupwa kwenye kapu hilo, mpaka zilipotenganishwa 1988.

Tofauti kuu ni jibu la swali letu. Kwa mtoto, epithelia ni nzima na mesenkima ndiyo saratani. Kwa mtu mzima, zote mbili ni saratani.

Ukiitazama ya mtu mzima unaweza kudhani umepewa pafu la kijusi cha wiki kumi hadi kumi na tano. Kuna mirija iliyojipinda, imetandikwa seli ndefu zilizopangana kwa safu, bila vinyweleo. Chini na juu ya kiini kuna uwazi mweupe. Uwazi huo ni glikojeni: ukipaka rangi ya PAS unawaka zambarau, ukitanguliza kimeng'enya cha kuyeyusha glikojeni unatoweka. Kuzunguka mirija hiyo kuna mesenkima changa, seli za mviringo na ndefu zikielea kwenye ute. Katikati ya mirija utakuta vifungu vya mviringo vya seli zilizokusanyika, baadhi zikiwa na viini vinavyopenya mwanga kama kioo.

Kibaiolojia, wengi wana mabadiliko kwenye jeni ya CTNNB1, inayotengeneza beta-katenini. Kawaida protini hii hukaa kwenye ukingo wa seli ikisaidia seli kushikana, na ikizidi inavunjwa. Sehemu ya kuitambulisha kwa wavunjaji ikibadilika, haivunjwi. Inajaa, inaingia kwenye kiini, na kuwasha jeni za ukuaji ambazo zilipaswa kulala tangu kuzaliwa. Kwenye slaidi unaona kiini kimepakwa kahawia, mahali ambapo hakitakiwi kuwa na rangi. Kuna adenokasinoma (kasinoma ya matezi) ya sura ya kijusi, ile ya daraja la chini, yenye mirija ile ile na beta-katenini ile ile kwenye viini, ila mesenkima yake si saratani. Hizo mbili ni ndugu wa damu.

Wagonjwa wake ni watu wazima wa makamo, wanaume kwa wanawake, vijana kuliko wagonjwa wa kawaida wa saratani ya pafu.

BiMaabara

Kaka yangu, unaongea vizuri lakini unawasahau tunaokata slaidi. Waambie pia hayo yote yanaonekana kama tishu ilitumbukizwa kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) mapema. Kipande kikikaa mezani kinaanza kujioza, na glikojeni ni ya kwanza kupotea.

MzeeWaSlaidi

Dada, nafasi yako inakuja kwenye mfupa, nakuhitaji huko.

Sasa wakubwa wenyewe. Kundi hili linaitwa kasinoma zenye sura ya sakoma. Ndani yake kuna ndugu kadhaa, na hiyo blastoma ya mtu mzima nayo imepangwa humo.

Kasinoma pleomofi: hii ni saratani ya kawaida ya pafu (adenokasinoma, ya skwamasi yaani ya seli bapa, au ya seli kubwa isiyo na sura) ambayo angalau asilimia 10 yake imegeuka seli ndefu zilizochongoka ncha mbili, au seli kubwa mno, au zote. Inaweza pia kuwa ya seli hizo tupu. Zile seli kubwa mno ni kituko: viini vingi au kimoja chenye mikunjo, hazishikani, kila moja iko peke yake, na mara nyingi ndani ya saitoplazimu yake utakuta chembe nyeupe za damu zikiwa hai, zimeingia tu humo.

Kasinosakoma: hapa masharti ni makali zaidi. Seli ndefu peke yake hazitoshi. Lazima sehemu ya sakoma iwe imekomaa kuelekea tishu ambayo haina kazi hapo: gegedu ya saratani, mfupa wa saratani, au msuli wenye milia. Upande wa kasinoma mara nyingi ni skwamasi. Wagonjwa wengi ni wanaume wavutaji sigara wa muda mrefu, umri wa miaka sitini na kitu. Mwingine hujaza mrija mkubwa wa hewa kama kinyama kinachoning'inia, hivyo mgonjwa anakohoa damu mapema. Mwingine hukaa pembezoni kimya na kukua mkubwa kabla ya kugundulika.

Mitego ipo miwili na wageni hunaswa. Kwanza, kasinoma nyingi huchochea tishu unganishi ya mwili kuzunguka. Seli hizo ni ndefu, zimechangamka, lakini ni majibu ya mwili tu. Ukizihesabu utaandika pleomofi pasipo pleomofi. Pili, kuna adenokasinoma ambazo tishu inayozizunguka hugeuka mfupa halali, wenye seli tulivu. Mfupa halali ndani ya kasinoma haufanyi kasinosakoma. Mfupa wa saratani unatengenezwa na seli zenyewe mbovu: viini vikubwa, vinagawanyika hovyo, na katikati yake kuna zile kamba za waridi zisizo na mpangilio.

BiMaabara

Haya, mfupa. Kipande chenye mfupa hakikatiki kwa kisu cha maabara mpaka chokaa itolewe. Njia ya haraka ni asidi kali. Inafanya kazi, slaidi ya kawaida inatoka, lakini asidi inaharibu DNA na kudhoofisha protini tunazozitafuta kwa kingamwili. Baadaye daktari anakuja kuomba vipimo vya jeni, unamwambia bloku (kile kipande cha nta chenye tishu) imeshapikwa. EDTA, kemikali nyingine ya kutoa chokaa, ni polepole, siku kadhaa, lakini inalinda.

Ushauri wangu kwa wanaoanza: kabla hujakitumbukiza chochote kwenye asidi, kata sehemu laini za uvimbe huo huo uziweke kwenye bloku yake bila kuzigusa na asidi. Na chukua vipande vya kutosha. Wengi hufuata kanuni ya bloku moja kwa kila sentimita ya uvimbe, ila kwa uvimbe wa rangi mbalimbali, nyeupe huku, unaong'aa kama gegedu kule, chukua kila rangi. Sehemu inayong'aa ndiyo inayobadilisha jina la ugonjwa.

MzeeWaSlaidi

Asante dada. Sina la kuongeza hapo.

MbishiWaKudumu

Bado sijaelewa kwa nini mnakataa kwamba ni saratani mbili zimegongana. Mvuta sigara pafu lake lote limeharibika. Kasinoma imeota hapa, sakoma imeota pale, zikakutana. Rahisi.

MzeeWaSlaidi

Kugongana kupo kweli, tena kuna jina lake, lakini huonekana tofauti. Kila uvimbe una mpaka wake, na mahali zinapokutana unaweza kunyoosha kidole ukasema huyu ameishia hapa. Kwenye kasinosakoma nyingi hupati mpaka huo. Unakuta kiota cha skwamasi, pembeni seli zinaanza kurefuka, zinaachana, zinakosa mshikamano, hatua kadhaa mbele ni gegedu.

Ila sura peke yake si ushahidi, hapo nakubaliana nawe. Ushahidi uko kwenye jeni. Ukichimba kipande cha kasinoma na kipande cha sakoma kwenye slaidi hiyo hiyo, ukavipima kila kimoja kivyake, mara nyingi unakuta jeni ya TP53 imeharibika mahali pale pale, herufi ile ile, pande zote mbili. Jeni ya TP53 inaweza kuharibika katika mamia ya mahali. Saratani mbili zisizojuana kuharibika herufi ile ile ni bahati ya ajabu kuirudia kila mgonjwa. Maelezo mepesi ni kwamba zimetoka kwa seli moja, kisha baadhi ya watoto wake wakabadilika.

Namna wanavyobadilika inajulikana pia. Mwili una utaratibu wa kuifanya seli ya epithelia iache majirani zake na kutembea kama seli ya mesenkima. Unatumika kijusi kinapojengwa na, kwa kiasi, kidonda kinapopona. Protini kama ZEB1, Snail na Twist zinazima E-kadherini, ile gundi ya kushikanisha seli. Gundi ikitoka, keratini (protini za seli za epithelia) zinapungua, vimentini (protini ya seli za mesenkima) inapanda, seli inarefuka na kuanza kutambaa. Saratani inauiba utaratibu huo huo.

Kwa hiyo kwa kasinosakoma, jibu la "nani ndiye saratani" ni: wote, kwa sababu ni yule yule.

TabibuMdogo

Hapo nimekupata mkuu. Sasa swali la mtihani: nikipewa slaidi ya seli ndefu tupu, matezi hayapo, nitajuaje kama ni kasinoma iliyobadilika au sakoma ya kweli?

MzeeWaSlaidi

Hapo ndipo tunapohitaji imunohistokemia, yaani kutumia kingamwili zilizofungwa rangi kutafuta protini.

Anza na keratini, na usitumie aina moja, changanya. Seli iliyobadilika huweza kupoteza keratini nyingi na kubaki na chembechembe. Tafuta TTF-1 na napsini A. Seli ndefu zikiwa bado na TTF-1 kwenye viini, umepata alama ya kwao, adenokasinoma ya pafu. Tafuta p40 kwa skwamasi. Vimentini wengi huikimbilia, lakini haikusaidii kitu hapa, maana zote mbili zinayo.

Kwa upande wa sakoma: desmini na miojenini kwa msuli wenye milia (miojenini lazima iwe kwenye kiini, ikipaka saitoplazimu usiiamini), S100 na SOX9 kwa gegedu, SATB2 kwa mfupa. Lakini gegedu na mfupa macho yanatosha mara nyingi.

Kisha kuna wanaojifanya. Hawa ndio hatari ya kweli.

Sakoma ya sinovia inaweza kuanzia kwenye pafu, na aina yake moja ina matezi pamoja na seli ndefu, keratini inakubali. Ukiwa na haraka umeshaandika kasinosakoma. Kinachokushtua ni utulivu wake: seli zote zinafanana, hakuna majitu, hakuna vurugu. Kipimo chake ni jeni ya SS18 iliyoungana na SSX, matokeo ya kromosomu X na ya 18 kubadilishana vipande.

Mesothelioma ya sura mbili, ya utando wa pafu, nayo ina epithelia na seli ndefu. Hapo utauliza habari za asbesto, utatazama picha kuona kama ugonjwa umefunika utando wote, na utaongeza kalretinini na WT1, alama za mesothelioma. BAP1 ikipotea kwenye viini vya seli za uvimbe, mizani inaegemea huko.

Na usisahau ugonjwa uliosafiri. Kasinosakoma ya mfuko wa uzazi ni ya kawaida kuliko ya pafu, na hupenda kwenda kwenye mapafu. Melanoma huweza kuvaa sura yoyote inayoitaka. Mwanamume kijana mwenye gegedu na matezi kwenye pafu, kagueni korodani zake kwanza, maana uvimbe wa seli za uzazi huacha nyuma teratoma (uvimbe wenye tishu za namna nyingi). Kuna teratoma inayoanzia kwenye pafu lenyewe pia, nadra sana, mara nyingi sehemu ya juu ya pafu la kushoto, na mgonjwa anaweza kukohoa nywele. Nywele kabisa. Huyo hahitaji hadubini kukuambia ana nini.

MwanaWaMama

Jamani samahani, mimi si mtu wa afya, nimefika hapa nikitafuta majibu. Mama yetu alitolewa kinyama kwa sindano. Ripoti imesema ni kasinoma isiyo ya seli ndogo, "yenye seli ndefu na seli kubwa", halafu wakaandika upasuaji au sampuli kubwa ndiyo itathibitisha aina. Nimeona kama hawajui wanachofanya. Je, tubadilishe hospitali?

MzeeWaSlaidi

Pole sana ndugu yangu, na mpe pole mama. Siwezi kumjadili mgonjwa nisiyemwona, lakini kuhusu hayo maneno naweza kukusaidia: kwa nilivyosoma, huyo aliyeandika anajua anachofanya.

Jina la pleomofi linahitaji asilimia 10 ya uvimbe mzima. Kasinosakoma inahitaji zipatikane pande zote mbili. Sindano inatoa uzi mwembamba wa tishu, pengine wa milimita kadhaa. Uzi huo unaweza kuwa umepita kwenye seli ndefu tupu huku kasinoma ikiwa jirani, au kinyume chake. Mtu hawezi kupiga asilimia ya kitu ambacho hajakiona chote. Ndiyo maana mwongozo unasema kwenye kinyama kidogo uandike kile unachokiona, kasinoma isiyo ya seli ndogo (jina la jumla la saratani nyingi za pafu) yenye seli za sura hiyo, bila kuruka kwenye jina la mwisho. Ningekuwa na wasiwasi zaidi kama wangekuandikia "kasinosakoma" kwa kutumia uzi mmoja wa sindano.

Unachoweza kuwauliza madaktari wake: je, tishu iliyobaki kwenye bloku inatosha vipimo vya jeni, na je, vimeombwa? Kama wanafikiria upasuaji, jina litapatikana huko. Na mkitaka maoni ya pili, si lazima kumchoma mama tena. Bloku na slaidi zinaweza kupelekwa kwa mtaalamu mwingine.

MwanaWaMama

Asante sana baba. Angalau sasa nimeelewa ile sentensi. Hivyo vipimo vya jeni ni vya nini, kama jina lenyewe bado?

MzeeWaSlaidi

Ni kwa sababu tiba nyingine hazisubiri jina kamili. Katika kundi hili la kasinoma zenye sura ya sakoma, hitilafu moja huonekana mara nyingi kuliko kwenye saratani nyingine za pafu: jeni ya MET inaruka kipande chake cha 14. Kipande hicho ndicho chenye alama ya kusema "kipokezi hiki kimemaliza kazi, kivunjwe". Kikirukwa, kipokezi kinabaki juu ya seli kikiendelea kuamuru ukuaji. Kuna dawa za vidonge zinazokizima, kapmatinibu na tepotinibu. Si kila mgonjwa ana hitilafu hiyo, wengi hawana, lakini asiyepimwa hatajulikana. Pia wengi katika kundi hili wana PD-L1 (protini inayosaidia saratani kukwepa kinga ya mwili) ya juu, jambo ambalo madaktari huliangalia wanapofikiria tiba ya kuamsha kinga. Nasema haya kwa sababu tiba ya kawaida ya kemikali mara nyingi huwa haiwafanyii vizuri sana wagonjwa hawa.

Na Mbishi, hapo ndipo jibu lako la majina kutuchosha. Jina la mtoto linapeleka familia kupimwa DICER1. Jina hili linapeleka bloku kupimwa MET. Sakoma ya sinovia nayo inapeleka mgonjwa kwa wataalamu wengine kabisa.

MbishiWaKudumu

Nimekubali. Kwa leo.

TabibuMdogo

La mwisho mkuu. Kama uvimbe una kasinoma upande huu na sakoma upande ule, MET inapimwa kwenye kipande kipi?

BiMaabara

Niachieni hili. Kwa kuwa zimetoka seli moja, hitilafu ya msingi kama hiyo kwa kawaida utaikuta pande zote mbili, kwa hiyo usihangaike kuchagua upande. Chagua eneo lenye seli nyingi za uvimbe zilizo hai. Epuka lililooza katikati, na hawa huoza sana. Zungushia kwa kalamu kwenye slaidi ili anayekwangua asichukue pafu zima la jirani. Halafu hakikisha hiyo bloku siyo ile niliyowaambia, ya asidi. Na kwa MET hasa, RNA ikipatikana ni bora, maana kuruka kwa kipande cha 14 unakuona moja kwa moja kwenye RNA. Kwenye DNA unatafuta mabadiliko yanayosababisha kuruka huko, na yako ya namna nyingi, mengine kipimo chako hakiyafikii.

TabibuMdogo

Nimeandika yote. Shukrani dada, shukrani mzee.